Nishapoa ya Mlangoni

Nakumbuka siku moja nimekaa juu ya mbuzi, nimemaliza kukuna nazi, na kuinuka siwezi. Si kwamba nilikuwa mzee, mwanangu. Nilikuwa bi harusi, hina mikononi haijaanza hata kufifia. Wageni walikuwa wanapiga hodi mbele kuja kunitazama, na mama mkwe wangu, ambaye ndiyo kwanza nimeonana naye siku hiyo, amesimama mlangoni pa jiko anangoja nimpe nazi akachuje tui. Nataka nikusimulie nilifikaje hapo, maana naona na nyinyi mnao ugonjwa ule ule, ila mmeupa jina fupi zaidi.

Siku hizi kijana ukimwuliza habari, poa. Mambo, poa. Anarudi matembezini anachechemea, viatu kavishika mkononi, ukimpa pole anakujibu poa, kisha anajitupa kwenye kochi na simu yake. Asubuhi anashuka kitandani huku kashikilia ukuta. Sisi tulikuwa tunasema nishapoa. Neno ni lile lile, na uongo wake ni ule ule.

Kwetu ni Muheza, kama unavyojua. Mume wangu Hamadi alikuwa fundi seremala hapa Tanga, lakini wazee wake ni Wapemba waliohamia Makorora zamani. Harusi ilifanyika kwetu, na mama yake, Bi Mize, hakuwahi kuja kwa sababu alikuwa Pemba akimuuguza ndugu yake, akarudi Makorora baada ya harusi. Kwa hiyo niliolewa bila kumwona mkwe wangu, na yeye bila kuniona. Maneno nilishayasikia. Bi Mize alikuwa amemtazamia mwanawe binti wa huko huko Pemba, mtoto wa jamaa zake, na majirani wa Makorora walikuwa wakisubiri waone huyo Mbondei aliyempiku huyo binti ana nini. Mama yangu aliponiaga alinishika bega akaniambia, "Ukifika ukweni, usikae kitako kabla hujashika kazi. Wakikuona umechoka siku ya kwanza, utaitwa mvivu mpaka uzeeni." Nilimuamini. Mama yangu alikuwa mtu mwema, lakini hilo alilikosea.

Tulipanda lori la machungwa, mimi na Hamadi, tukakaa mbele na dereva. Kabla ya kufika Pongwe lori likazima. Dereva akafungua boneti, akatazama ndani kwa muda, akafunga, akaenda kukaa kivulini. Hamadi naye akataka tukae kivulini. Mimi nikamwambia haiwezekani, mama anatungoja, wageni wamealikwa jioni, nitasemwaje? Tutembee. Akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya mchuchumio vya harusi, vyekundu, nilivyovipenda kuliko kitu chochote nilichopewa. Akasema, "Na hivyo?" Nikamwambia, "Na hivi hivi."

Sitakuchosha na habari ya njia. Jua lilikuwa la kutoa jasho hata kwenye kope. Baada ya Pongwe nilivua viatu nikatembea peku, lami ikanichoma, nikavivaa tena, vikanibana, nikavivua. Hamadi alitaka tuombe lifti, lakini magari yaliyopita yalikuwa yamejaa. Tulipofika Kange nyayo zangu zilikuwa zina malengelenge, na mashavu ya miguu yamekaza mpaka nikiyagusa nahisi nagusa ubao. Pale Nguvumali nikakaa kwenye kibaraza cha watu, nikajifuta vumbi, nikavaa vile viatu kwa mara ya mwisho. Nilitaka niingie Makorora kama bi harusi. Hamadi alicheka mpaka nikamnunia.

Basi tukapiga hodi. Bi Mize akatoka, mwanamke mfupi, kajifunga kanga kifuani, macho makali. Nikapiga magoti, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari. Mbona mnakuja kwa miguu?"

"Tushapoa, mama," nikasema haraka.

"Kapoa yeye," Hamadi akadakia. "Mie sijapoa. Lori limetufia Pongwe. Mama, miguu inaniwaka moto, nakufa!" Akajitupa mkekani palepale, akanyoosha miguu kama mtoto.

Mama yake akacheka, akaingia ndani, akatoka na beseni la maji ya vuguvugu aliyotia chumvi. Hamadi akatumbukiza miguu, akafumba macho, akaguna kwa raha. Nakwambia kweli, niliyaonea wivu yale maji. Bi Mize akanigeukia, "Na weye? Nikuletee yako?"

"Hapana, mama, mie nishapoa. Nipe kazi."

"Hata maji ya kunywa?"

"Baadaye, mama. Kazi ipi imebaki?"

Akaniuliza tena, nikamjibu yale yale, kwa tabasamu. Akanionyesha jiko uani na nazi mbili. Nikaenda nikaitegesha mbuzi, nikakaa.

Sasa wewe ambaye nazi unainunua imeshakunwa, hujui mbuzi inavyokaa. Iko chini sana, magoti yanapanda juu, na mguu uliotembea kutwa ukiukunja hivyo unaganda. Nikakuna nazi ya kwanza nikiimba kidogo ili wanisikie ndani. Ya pili sikuimba. Nilipomaliza nikataka kuinuka, miguu ikagoma. Nikajaribu tena, misuli ikanishika upande wa kulia, maumivu yakapanda mpaka kiunoni, nikauma mdomo nisipige kelele. Mbele nikasikia hodi, sauti za wanawake, manukato yao yakafika mpaka uani.

Bi Mize akaja mlangoni. "Bi harusi, lete nazi."

"Naja, mama."

Akangoja. Mimi nimekaa.

"Hiyo naja mbona haifiki?"

"Inakaribia, mama," nikasema, na hapo machozi yakanitoka. Nililia kwa maumivu, lakini zaidi nililia kwa aibu. Nilijua wale wanawake wataniona nimeketi pale kama gunia, na mkwe wangu atamkumbuka yule binti wa Pemba, na mimi nitakuwa habari ya kuchekwa Makorora nzima. Miguu isingeniuma kiasi hicho kama si hofu hiyo.

Bi Mize alirudi mbele, nikamsikia akiwaambia wageni, "Karibuni, kaeni. Bi harusi anaoga." Kisha akaja jikoni akafunga mlango. Alinishika makwapani akanishusha kwenye mkeka, akavuta kigoda akakaa mbele yangu, na miguu yangu, mwanangu, akaipakata mapajani kwake.

Unajua hilo ni jambo gani? Mkwe kupakata miguu ya mkamwana, tena yenye vumbi la barabara, tena siku ya kwanza? Nikaivuta. "Mama, michafu!"

"Tulia." Akakishika kidole gumba cha ule mguu ulioshikwa, akakikunja polepole kuelekea kwangu, na goti akalinyoosha, mpaka ule mkazo ukaachia. Ndipo akaanza kusema, na hakuinua sauti hata kidogo.

"Nimekuuliza umechoka, ukanambia umepoa. Nikakuuliza tena, ukanambia umepoa. Mguu unachemka kama chungu, mdomo unasema umepoa. Umenijibu kama anavyojibu jirani anayepita. Mtu akikupa pole mlangoni, mwambie nishapoa, hiyo ni adabu, yeye na njia yake na weye na yako. Ukishaingia ndani mwangu, nikikupa pole nataka jibu. Nitajuaje la kukufanyia? Mwanangu wa kumzaa kasema anakufa miguu, nikampa maji. Weye umeninyima hata hayo ya kukupa."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonichoma. Nilidhani namficha uchovu wangu, kumbe namfungia yeye mlango nyumbani kwake mwenyewe.

Akanipa kwanza maji ya kunywa, kidogo kidogo. Akaniosha nyayo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, malengelenge akayapitia kwa uangalifu bila kuyapasua. Akatoa kichupa cha mafuta ya karafuu aliyotoka nayo Pemba, akadondoshea matone machache kwenye mafuta ya nazi, akanikanda kuanzia kifundo kwenda juu gotini, polepole, huku ananiuliza kila mara, hapa je? Na hapa? Safari hii nilimjibu kweli. Nikapiga na kelele. Alipomaliza akaniegemezea miguu juu ya gunia la mchele akanifunika kanga.

Kisha akafungua mlango akawaita wageni waingie jikoni. Nilitaka kujificha, lakini alishasema, "Njooni mumtazame hapa hapa alipo. Mwanangu katembea kutoka Pongwe kuja kwangu." Hakusema mke wa Hamadi. Wale wanawake wakaingia na manukato yao, wakakaa kwenye vigoda na sakafuni, na kila mmoja akawa na habari ya miguu yake. Mmoja alinionyesha mpaka kovu la kiatu chake cha harusi. Wali wa nazi jioni ile alipika mmoja wao, mimi nikala nimelala.

Asubuhi yake nilitaka nilale kutwa, maana sasa nilikuwa nimeshaonja kudekezwa. Bi Mize akanitoa kitandani. Akasema mguu uliochoka usilazwe kutwa, utakakamaa. Tukaenda taratibu kununua mahamri na mbaazi za asubuhi, yeye amenishika mkono, mimi nimevaa malapa yake, na kila aliyetupa pole njiani tulimjibu kwa pamoja, "Tushapoa!" Tukifika mbele kidogo ananinong'oneza, "Kweli?" Nami namwambia, "Bado, mama." Tulicheka njia nzima.

Miaka imepita mingi. Vile viatu vyekundu niliwagawia watoto wakachezea. Bi Mize akazeeka, nami nikawa mwenye nyumba, na sikumbuki siku aliyowahi kuniambia anaumwa. Alikuwa mtu wa kukanda wenzake. Mpaka jioni moja ya masika, alikuwa ametoka msibani Nguvumali, barabara imejaa maji, hakuna gari wala pikipiki, akarudi kwa miguu. Nyumba yetu ilikuwa na watu. Wote wakampa pole. "Nishapoa, jamani, nishapoa," akasema, akapita moja kwa moja chumbani, mgongo umenyooka. Baada ya muda akaniita. Nikaingia nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Funga mlango," akasema. Nikafunga. "Sijapoa, mwanangu. Nishike miguu."

Nikakaa chini, nikaipakata. Ilikuwa imevimba, mizito, ya baridi kwa matope. Nilimkanda nikilia, naye akidhani nalia kwa kumhurumia. Nilikuwa nalia kwa furaha. Siku ile jikoni alinifanya mimi mwanawe, na siku hii alikubali kuwa mama yangu, na hilo la pili lilimchukua miaka.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukirudi kutoka safari ndefu, kaa. Kunywa maji. Osha miguu kwa maji ya vuguvugu na chumvi, iinue juu ya mto, ipakwe mafuta na ikandwe kwa mkono mwepesi kutoka chini kwenda juu, na kesho yake itembeze kidogo isikakamae. Mafuta ya karafuu yachanganye, ukiyapaka matupu yatakuchubua. Ukiwa na sukari kama mimi, maji apime mwingine kwa kiwiko, maana nyayo zetu hazijui moto. Na mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa mwekundu na wa moto, usimruhusu mtu aukande, hata akiwa mimi. Nenda hospitali.

Lakini hayo yote hayatafanyika kama utajibu poa. Barabarani jibu poa, mwanangu, jibu nishapoa, watu wana haraka zao. Ukishafika kwa wanaokupenda, sema bado. Na wewe ukimpokea mtu aliyechoka, usimuulize mbele ya watu tu ukaridhika na jibu la adabu. Mimi mwenyewe ukinikuta nimetoka mbali nikakwambia nishapoa, funga mlango kwanza, kisha niulize tena.

Mwenyezi Mungu akupe safari nyingi na miguu ya kuziweza. Akupe kila unakokwenda mlango wa kupigia hodi, na nyuma ya mlango huo, mtu unayeweza kumwambia hujapoa.