Mchezo Uliofukiwa Nyuma ya Darasa

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa darasa la tatu, hapa Kiogoro, na hesabu ya kugawanya ilikuwa imenishinda kabisa. Nilichapwa mpaka nikazoea. Basi mwalimu wetu, msichana aliyeitwa Kerubo, akatupeleka nyuma ya darasa, akachimba vishimo ardhini na kutugawia maharagwe. Ulikuwa mchezo wa bao, ambao wazee waliucheza wakinywa pombe. Sisi tuliuona kwa mbali tu.

“Usitupe ovyo, wewe! Hesabu kwanza mbegu zitaishia wapi,” Kerubo akaniambia.

“Mwalimu, huyo atazitafuna,” rafiki yangu Moraa akanicheka.

Nikamla mbegu zake zote. Baada ya wiki chache kugawanya kukaniingia, na fimbo ikanisahau.

Waliotuharibia nitawataja, maana hakuna aliyewahi kuwataja: mwalimu mkuu, Makori, na Ombati, mzee wa kanisa. Ombati ni baba yangu mzazi. Makori ndiye aliyetukuta tukicheza akamwita baba, naye akaja akasimama juu yetu.

“Mimi niliacha pombe na michezo yake yote,” akasema. “Leo binti yangu anafundishwa mambo ya walevi shuleni?”

“Baba, sasa najua kugawanya. Niulize.”

Hakuniuliza. Makori akatuamuru tufukie vile vishimo kwa mikono, Kerubo akahamishwa, na fimbo ikarudi. Nikaanguka mtihani. Baba akasema shule imenikataa, nikakae nyumbani nichume chai. Hivyo tu, basi.

Sasa wewe ni mwalimu, na unataka kufundisha hesabu kwa michezo ya video. Umeniambia wazazi wananung'unika, eti hiyo ni kazi ya vijana wa kamari huko mjini. Nami nakuambia: fundisha. Lakini usifanye kama Kerubo. Mchezo wake ulikuwa mzuri, ila aliwaogopa wazee akauficha, na walipoukuta umefichwa wakauita dhambi. Wewe waite wazazi kabla hawajaitwa na mtu mwingine. Wakae kwenye madawati, washike hiyo mitambo, watoto wao wawashinde, wacheke kidogo. Halafu mtoto aliyekuwa nyuma kimasomo aulizwe hesabu, baba yake akisikia. Wakikataa hata hapo, usinyamaze.

Mungu akutie nguvu, mwanangu. Na asiwepo mwanafunzi wako hata mmoja atakayetolewa darasani akiwa ndiyo kwanza ameanza kuelewa.