Namba ya Majaribio

Ofisini walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameketi kwenye kiti hadi kikapata joto. Aliandika programu akiwa amesimama, kompyuta ameiweka juu ya kabati la mafaili, na kila alipokwama alishuka ngazi, akalizunguka ghala la vifurushi, akapanda tena. Mwanzoni wenzake walidhani ana mgonjwa nyumbani. Baadaye wakamzoea, kama mtu anavyozoea feni inayopiga kelele.

Kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta kupiga simu. Kampuni ilikuwa ya mabasi, lakini siku hizi ilisafirisha vifurushi kuliko watu. Kwa miaka mingi karani wa dirishani ndiye aliyewapigia wateja mmoja mmoja kuwaambia mizigo yao imefika. Mizigo ikaongezeka, karani hakuongezeka, na vifurushi vikawa vinalala ghalani hadi vinashika vumbi. Meneja akaamua mashine ipige.

Kiguu akaiunganisha programu yake na jukwaa la mawasiliano, yaani kampuni nyingine ambayo biashara yake ni kupitisha simu na meseji za kampuni kama hii. Programu inatuma ombi: mpigie huyu. Jukwaa linapiga, na mtu akipokea linarudi kuuliza, haya, amepokea, nimwambie nini? Programu inajibu: msikilizishe sauti ile, kisha msubiri abonyeze moja au mbili. Moja, nakuja leo. Mbili, nitunzieni hadi kesho. Asipopokea, anatumiwa meseji.

Sauti waliyorekodi ilikuwa ya karani mwenyewe. Mama yule alikuwa na sauti ambayo hata akikufukuza unamshukuru.

Kwa majaribio ilihitajika namba. Yake aliichoka siku ile ile ya kwanza, simu ikilia kila anaposahihisha mstari. Akaandika namba yake ya zamani, maana ndiyo iliyomkaa kichwani. Namba hiyo aliiacha baada ya kuvunja uchumba. Mchumba alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga akiwa amelewa, mpaka Kiguu akaikata laini vipande viwili kwa mkasi wa jikoni. Kwake namba ile ilikuwa imekufa. Majaribio yote akayaelekeza huko. Na ili mizigo ya uongo isimchanganye karani, akaongeza sharti dogo kwenye programu: mzigo wowote wenye namba hii usionekane kwenye skrini ya dirishani. Kila alipobonyeza, kompyuta ilimjibu "ombi limetumwa", naye akaridhika. Kuangalia kama kuna mtu anapokea upande wa pili, hilo alijiwekea kulifanya baadaye.

Ilikuwa imebaki wiki moja na kidogo mfumo uanze. Meneja alikuwa akipita mlangoni kila mara akisema, "Kiguu, tuko pamoja?" na Kiguu akijibu, "Tuko pamoja, bosi." Mchana mmoja akashuka kuzunguka ghala kama kawaida yake. Akasikia ugomvi dirishani.

"Mzee, nimekuambia hakuna mzigo wako," karani alikuwa akisema.

"Hakuna vipi, na wewe ndiye uliyenipigia?"

"Mimi?"

"Wewe! Sauti ni hii hii. 'Ndugu mteja, mzigo wako umefika salama.' Jana nimeingiza mikono ndani ya friji ya watu, unapiga. Leo nimeweka kijiko cha uji mdomoni, unapiga. Nikijibu meseji zenu naambiwa asante kwa kuwasiliana nasi. Asante ya nini? Nimefunga karakana mara ngapi kuja hapa?"

"Baba, mimi nina mume wangu. Nikupigie wewe nikutafutie nini?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mwanamume yule, mtu wa makamo mwenye ovaroli na mikono yenye makovu ya kuungua, hakucheka. Kiguu akamsogelea, akamwomba namba yake ya simu. Mwanamume akaanza kuitaja. Kabla hajafika katikati, Kiguu alikuwa ameshajua tarakimu zinazofuata, na miguu, ile miguu isiyotulia, ikawa kama imegandishwa kwenye sakafu.

Akampeleka kwenye benchi la abiria, pembeni.

"Fundi, nisamehe. Si huyu mama. Ni mashine, na aliyeituma mashine ni mimi. Hiyo namba ilikuwa yangu zamani. Nilikuwa naitumia kwa majaribio."

"Kwa hiyo ulikuwa unanipigia bila kujua unanipigia."

"Nilidhani haina mtu."

"Ina mtu," fundi akasema. "Mtu mwenyewe ndiye mimi."

Fundi akamtazama vizuri, kama amekumbuka kitu.

"Kumbe ni wewe. Kuna bwana mmoja amenipigia mwaka mzima akiomba msamaha. Nikamwambia bwana, mimi ni fundi wa friji. Akasema, hata ukibadilisha sauti nitakujua tu."

Siku nyingine Kiguu angecheka mpaka ashike mbavu. Siku ile aliona tu aibu ikimpanda shingoni. Akauliza mzigo wenyewe aliokuwa akiusubiri ni upi, maana mtu asiyesubiri kitu haji mara zote hizo.

"Meno," fundi akasema. "Meno ya mama yangu. Ameng'olewa yote ya juu, na daktari anayetengeneza ya bandia yuko huko kwa dada yangu. Mama alikuwa mwalimu. Nyumba nzima tulikuwa tunamwomba anyamaze kidogo. Sasa anakaa chumbani, akitaka kitu anagonga ukuta. Simu hashiki, anasema akiongea anatoa upepo mtupu. Chakula ni majimaji tu, amekonda." Akanyanyuka. "Kila ulipopiga, binti, nilikuwa nakwenda kumwambia: Mama, yamefika. Halafu narudi mikono mitupu."

Kiguu akampa namba yake mwenyewe, ile aliyo nayo sasa, akamsindikiza hadi getini. Aliporudi juu alilifuta lile jaribio bila hata kuvuta pumzi. Meneja alipoelezwa, aliuliza kama mteja ameombwa msamaha.

"Nimemwomba."

"Basi imekwisha. Wakurugenzi wanakuja wiki ijayo, tusizame kwenye hilo."

Lakini haikuisha. Kiguu akawa hatulii kuliko alivyokuwa hatulii zamani. Alishuka ngazi bila sababu, akapanda bila sababu. Simu yake ikilia anashtuka, isipolia anaitazama.

Siku chache baadaye fundi akapiga. Dada yake ameyapakia meno kwenye basi la jana; yeye yuko kazini, je, yamefika? Kiguu akaifungua skrini ya dirishani kwenye kompyuta yake: hakuna. Akamuuliza karani, karani naye akatazama skrini yake: hakuna. "Labda basi limechelewa," akamwambia fundi. Kesho yake fundi akapiga tena, na jibu likawa lile lile. Basi halikuwa limechelewa; Kiguu mwenyewe alikuwa ameliona uani likioshwa. Hapo ndipo aliposema neno ambalo lilimtoka kabla hajalipima.

"Fundi, una hakika dada yako ametuma kweli?"

"Binti," fundi akasema, "dada yangu si mashine." Akakata.

Jioni Kiguu alirudi nyumbani kwa dada yake, alikokuwa akiishi. Dada alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Kiguu akaenda mlangoni, akaenda dirishani, akafungua jokofu, akalifunga.

"Utatoboa sakafu," dada akamwambia. "Sema kilichokupata."

Akamweleza yote, kuanzia ile laini iliyokatwa kwa mkasi.

"Sasa wasiwasi wa nini? Si umeshaifuta hiyo namba?"

"Nimeifuta. Majaribio nimeyafuta yote. Kilichobaki ni lile sharti tu la kuficha..."

Akanyamaza na mkono wake mdomoni. Sharti lilikuwa pale pale. Programu ilikuwa bado inatii kwa uaminifu: mzigo wowote wenye namba ile, usionekane. Meno ya mama wa watu yalikuwa yamefika, na yeye ndiye aliyeyafunika.

Akampigia fundi. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akamwandikia meseji, alama zikatokea mbili, lakini za kijivu, hazikugeuka rangi: imefika, haijasomwa. Akaelewa jinsi wanavyojisikia watu wanaomwandikia mtu aliyeamua kutojibu. Dada akazima pasi, akamwambia ghala limefungwa na kelele hazitalifungua, ale kwanza. Alikula akiwa amesimama.

Alfajiri ilimkuta amevaa viatu. Akafika kabla ya karani, akamsubiri mlangoni mwa ghala akicheza na zipu ya mkoba. Wakaingia pamoja, wakaanza rafu za juu, wakashuka. Karani ndiye aliyekiona, kati ya redio mbovu na mfuko wa mbegu: kiboksi kidogo kilichozungushiwa karatasi ya kaki, kimeandikwa kwa kalamu nene, MENO. MSIWEKE KITU JUU.

"Nimekipita hapa tangu juzi," karani akasema kwa sauti ile ile tamu, ila sasa imepoa. "Skrini ilisema hakuna, nami nikasema hakuna. Na yule mzee nimeshamfanya kichekesho mbele za watu."

Kiguu akapanda juu, akalifuta sharti, akashuka na kiboksi kifuani. Kwenye ngazi akakutana na meneja.

"Unakwenda wapi? Jumatatu tunawasha mitambo."

"Hatuwashi Jumatatu, bosi. Mfumo ulikuwa unaficha mzigo wa mtu, na aliyeuagiza ufiche ni mimi. Mpaka niupitie mstari kwa mstari nijue hauna kingine."

"Na wakurugenzi niwaambie nini?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Kiguu, utaniua wewe," meneja akasema, lakini akampisha.

Karakana ya fundi ilikuwa kibaraza cha nyumba, friji zimepangwa nje milango wazi. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya mojawapo. Alimwona Kiguu, akaendelea na kazi. Kiguu akanyoosha mikono yote miwili na kiboksi. Fundi akasoma mwandiko wa dada yake, akafuta mikono kwenye ovaroli, polepole.

"Kilikuwapo tangu siku ile uliyouliza," Kiguu akasema. "Programu yangu ilikificha. Na neno nililokuambia juu ya dada yako, nalifuta."

"Maneno hayafutiki kama hizo programu zako," fundi akasema. Kisha akaelekeza mlango kwa kichwa. "Ingia. Umpe mwenyewe."

Mama alikuwa mwembamba, ameketi kitandani, kitambaa amekishikilia mdomoni. "Shikamoo, Mama." Mama akainua mkono tu. Akapokea kiboksi, akawafanyia ishara watoke nje ya pazia. Wakasimama kimya wakisikiliza karatasi ikichanwa, maji yakimiminwa, kisha kitu kikigonga glasi. Ikachukua muda. Fundi alikuwa akilifungua na kulifunga koleo lake.

"Marahaba," sauti ikasema nyuma ya pazia, kubwa kuliko mwili ule, yenye mluzi kidogo kwenye kila neno. "Sasa nani alikuwa anasema yamefika wakati hayajafika?"

Fundi akageukia ukutani. Mabega yalimtikisika, na Kiguu hakutaka kujua kama ni kicheko.

Mama hakumwacha hivi hivi. Alimkalisha, akataka aelezwe tangu mwanzo, hatua kwa hatua, kama anayesahihisha daftari. Mashine inapigaje? Inajuaje aliyepokea ni mwenyewe? Akasikiliza, akiyatuliza meno kwa ulimi.

"Moja nakuja, mbili nitunzieni," akarudia. "Na mimi nikiwa na la tatu?"

"La tatu lipi, Mama?"

"Hilo la kuuliza, nyinyi ni nani na mnataka nini kwangu."

Kiguu akatoa kalamu, akaliandika kiganjani.

Mfumo ulichelewa kuanza, meneja akanuna mbele ya wakurugenzi na baadaye akasahau kununa. Kiguu akaongeza kitufe cha tatu: bonyeza tatu kuzungumza na mtu. Karani alilalamika kwamba mashine ililetwa kumpunguzia simu, sasa inamrudishia. Majaribio yote yakahamia kwenye simu ya Kiguu mwenyewe, na wenzake wakawa wanaruka kila inapolia. Fundi hakumpigia tena. Alituma meseji moja tu, fupi: amebadilisha laini, mama hajambo, na yule bwana wa msamaha asipewe hii mpya. Kiguu alikaa akilifikiria hilo kwa siku kadhaa, kwamba namba ile sasa haina mwenyewe tena, na kampuni ya simu itampa mtu mwingine.

Siku mfumo ulipowashwa, alishuka uani kusikiliza. Simu zilianza kulia kwenye mikoba na mifukoni mwa watu waliokuwa wanasubiri mabasi. Mwanamke mmoja mwenye ndoo mbili alisikiliza, akakunja uso, akabonyeza tatu, na dirishani simu ya mezani ikalia. Karani akaipokea. "Ndiyo, ni mimi," alisema. "Hapana, sasa hivi ni mimi kweli." Akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akainua kichwa kuelekea uani.

"Kiguu! Njoo, huyu ana la nne."