Nyasi za Shangazi

Mama yangu alizaliwa Unguja, akaja Oman na mambo mawili: shikamoo na chuki ya ndago, gugu lisilokufa. "Ndago ukiiacha leo, kesho itakufukuza wewe shambani," alikuwa akisema. Basi siku nilipokwenda shambani kwa shangazi yangu, kijijini Samad, nikaona mashungi ya majani membamba yamejazana ukingoni mwa falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, sikumuuliza mtu. Nina shahada ya kilimo, niulize nini? Nikatwaa jembe, nikang'oa yote, nikachoma moto.

Shangazi hajawahi kutoka Oman, na macho yake yalikwisha zamani. Alikuwa barazani anasuka mkeka, kazi pekee iliyombakia, kwani jikoni wakaza wanawe walishamfukuza tangu alipojiunguza. Akanyoosha mkono kutaka nyasi nyingine za falajini. Hazipo. Nikamweleza nilivyozifanya. Aliukunja mkeka uliofika nusu, akauweka nyuma ya mlango, akakaa na mikono mitupu. Laiti angenitukana! Nilitamani ardhi inimeze, mimi na shahada yangu.

Kila Ijumaa nilimkuta vilevile, mikono mapajani. Nikimweleza mama kwenye simu, ananijibu, "Majani ni majani." Mama naye!

Mvua za baridi zikanyesha, na pale pale falajini pakachipua. Kumbe mizizi ilikuwa hai chini! Nikasubiri yarefuke, nikakata fungu zima, nikampelekea mbio kama niliyeokota dhahabu.

Shangazi alichomoa unyasi mmoja, akauzungusha vidoleni, akautupa.

"Una pembe tatu huu," akasema kwa Kiarabu chake cha Samad. "Ndago."

Yarabi! Mtoto wa mama yangu, nimeng'oa nyasi za watu nikaja kuvuna ndago. Shangazi akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile ya jembe sikuwa nimemsikia akicheka, na machozi yakanitoka palepale.

"Bibi Shahada," akaniita, "lete mkono."

Akaniongoza mwenyewe hadi falajini, anapapasa njia kwa nyayo. Akainama, akapapasa majani, akakibonyeza kidole changu kwenye ncha moja. Ikanichoma mpaka damu.

"Wa mkeka ni mviringo, na unachoma. Umeujua sasa?"

"Nimeujua, shangazi."

"Basi kata. Mkeka wangu uko nyuma ya mlango."