Ramani ya Nyumba Nyekundu

Leo nimempasua mtu kichwa kwa mkongojo. Naungama kabla kansa haijanimaliza, lakini sijutii.

Mpambe wa mwanasiasa alikuja kwangu hapa Sotik, mpakani mwa makabila mawili. Anajua maisha yangu yote nimechora na kufundisha ramani na chati.

"Mzee, tuchoree nyumba zote za mpakani. Zetu kijani, za wageni nyekundu."

"Ya kazi gani?"

"Wewe paka rangi tu. Vijana watajua pa kuanzia kuchoma."

Nikampiga. Damu iliruka hadi kwenye kompyuta yangu ya kuchorea. Akanipiga teke la mbavu, nikaanguka.

Aliyemfukuza kwa jembe ni jirani yangu Mama Moraa, ambaye nyumba yake ingekuwa nyekundu.

Wanafunzi wangu wa zamani, mpambe huyo sasa atatafuta mchoraji mwingine. Akija kwako, utamjibuje?