Kona Iliyolipiwa Mara Mbili

Pale Barabara ya Teniour, kilomita ya nne, mjini Sfaksi, watu hawalipii jiko la makabati ya ukutani kabla Bi Nabiha Rekik hajalitazama. Hakusomea useremala. Alitunza stoo ya vipuri vya mashine za kukamulia zeituni kwa miaka thelathini na mitatu, na humo alijifunza jambo ambalo wachoraji wa majiko hawafundishwi: kitu kisichopangiwa mahali huishia chini ya kitanda. Akiitwa, haendi na futi. Huenda na chungu chake cha kuskusi, kile cha ghorofa mbili, amekifunga kwenye shuka, kisha hufungua kabati baada ya kabati na kujaribu kukiingiza. Majiko mengi ya bei mbaya yameanguka mtihani huo. Mafundi humwita "Hakimu", akishapita.

Siku ile ya Septemba chungu kilibaki nyumbani.

"Mama, nakuomba," binti yake Insaf alimwambia asubuhi, akamshika mikono yote miwili kama anayemnyang'anya mtoto kisu. "Leo usiseme kitu. Sema zuri, basi. Jiko ni lao, wanalipa wao."

"Na likiwa baya?"

"Nitapika mimi humo, si wewe. Harusi imebaki wiki tano, mama. Unakumbuka sofa?"

Bi Nabiha aliikumbuka sofa. Mwezi wa nne aliuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini sofa waliyoletewa maharusi inanuka gundi. Bi Faika, mama yake Slim bwana harusi, akarudi kwao Tunis na kukaa miezi miwili bila kupiga simu, na uchumba ukabaki unaning'inia kama taa iliyokatika waya mmoja. Ulipounganishwa tena, mambo yalipangwa upya mbele ya wajomba: upande wa bwana utatoa nyumba na jiko, upande wa bibi utatoa chumba cha kulala na akiba ya jikoni ya mwaka wa kwanza. Sofa haikutajwa.

Akiba ilikwisha kuwa tayari. Julai nzima Bi Nabiha na dada zake wawili walisokota unga wa ngano kuwa punje za kuskusi na kuzianika juu ya dari: kilo sitini, katika magunia meupe yaliyotariziwa jina la Insaf kwa uzi mwekundu. Palikuwa na madebe sita ya mafuta, mitungi ya pilipili ya kusaga, na pweza waliokaushwa hadi wakawa kama mikanda ya viatu.

Dukani walimkuta Bi Faika amekwisha fika, amenyooka kitini, manukato yake yametangulia hadi mlangoni. Slim alikuwa kazini. Mwenye duka, Bwana Hasuna, alimtambua Bi Nabiha kabla hajavuka kizingiti, na rangi ikamtoka usoni.

"Karibu, mkwe mwenzangu," alisema Bi Faika. "Nyinyi wa Sfaksi mnasifika kwa kuhesabu hata kokwa za zeituni. Leo umekuja nazo?"

"Nimeziacha zikauke," alijibu Bi Nabiha, akaketi, akafunga mdomo.

Mchoro ulitandazwa mezani. Jiko lenyewe la mfano lilisimama nyuma yao, jeupe, linang'aa kama meno ya mtu anayetaka kukopa. Mwenye duka alieleza: droo kumi na nne, zinajifunga zenyewe bila kelele, taa chini ya rafu, na huku pembeni, kitu cha kisasa kabisa, matundu ishirini ya kulaza chupa.

"Chupa za nini?" Insaf aliuliza.

"Za… siki," alisema Bwana Hasuna.

Bei ilikuwa kwa mita, kabati la juu na la chini pamoja: dinari elfu moja na mia tano. Mita sita na sentimita arobaini. Jumla dinari elfu tisa na mia sita. Arbuni ilikwisha lipwa. Leo ni saini tu, na kesho asubuhi msumeno unaanza. Ubao ukishakatwa hauungwi.

Bi Nabiha aliitazama karatasi kwa muda wa pumzi moja. Ulimi ulimpanda hadi kwenye meno, akaurudisha chini. Aliwaza yale magunia yenye uzi mwekundu.

"Zuri," alisema.

Bwana Hasuna, ambaye katika miaka kumi na miwili hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywa kile, alitoa leso.

"Zuri vipi, Bi Nabiha?"

"Zuri tu."

"Kabati moja basi ufungue. Lolote."

"Ya nini? Nalitazama nikiwa hapa."

"Na chungu? Hukuja nacho?"

"Kinapumzika."

Bi Faika aliweka miwani mezani taratibu sana. "Ahaa. Nimesikia habari zako, mkwe. Kwa jirani unafungua mpaka bawaba. Kwa mke wa mwokaji ulitambaa chini ya sinki, umri wako huo. Kwangu mimi hata droo hutaki kuigusa? Jiko langu halistahili hata kasoro?"

"Sikusema hivyo, dada yangu."

"Hukusema kitu! Kwenye sofa angalau ulisema!" Alivuta mkoba wake mapajani. "Labda tunaharakisha. Labda Slim asubiri kwanza, hata mwaka."

Insaf alikuwa ameshika kalamu ya kumpa Bi Faika atie saini. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa akitazama dari kwa utii wa ajabu. Akaitazama karatasi, apate mahali pa kuweka macho, na macho yakabaki pale.

"Bwana Hasuna," alisema. "Magunia ya kuskusi yanakaa wapi?"

"Dada, siku hizi watu wananunua pakiti."

"Tunis tunanunua pakiti," Bi Faika aliongeza, kwa ugumu.

"Ziko kilo sitini, mama mkwe. Zina jina langu." Kidole chake kilianza kutembea juu ya mchoro bila kuomba ruhusa. "Ukuta huu mita tatu na sitini. Huu mbili na themanini. Umejumlisha zote mbili, Bwana Hasuna. Hii kona umeihesabu huku, halafu ukaihesabu tena huku. Sentimita sitini. Na mlango wake uko wapi?"

"Kona… kona hufunikwa na ubao. Hata kwa jirani yangu wanapima hivyo hivyo."

"Dinari mia tisa," alisema Insaf. "Kwa mahali ambapo mkono haufiki."

Bi Faika aligeuka na kiti chake. Hasira yake, iliyokuwa imetoka Tunis na treni ya asubuhi ikitafuta mtu wa kumshukia, sasa ilikuwa imempata: Bwana Hasuna.

"Mia tisa? Unaniuzia giza, wewe?"

Katika robo saa iliyofuata Bwana Hasuna alitumia leso ya pili. Matundu ya chupa yalifutwa. Mahali pake pakachorwa kabati refu la kutoka sakafuni hadi juu, na zile mia tisa ndizo zilizolilipia. Ndipo Bi Faika alipomgeukia mkwe mwenzake.

"Na wewe uliiona hiyo kona?"

Bi Nabiha alimtazama binti yake. "Niliiona."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoketi."

"Ukaninyamazia niibiwe!"

"Mimi ndiye niliyemwomba," alisema Insaf. "Kwa ajili ya sofa."

Bi Faika aliifunga na kuifungua zipu ya mkoba.

"Ilinuka kweli," alisema mwisho. "Usimwombe tena."

Hakutia saini. Alisema atatia kesho, kabati refu likishajaribiwa kwa chungu, na usiku huo akalala kwa Bi Nabiha, jambo ambalo halikuwa katika mipango ya mtu yeyote. Asubuhi walirudi dukani wote watatu, chungu kimefungwa kwenye shuka. Bi Faika ndiye aliyekibeba, na ndiye aliyekisukuma ndani ya kabati refu la mfano lililosimama dukani. Kilipita, ikabaki nafasi ya vidole viwili.

Akavipima tena, akamgeukia Bwana Hasuna.

"Na hivi viwili," aliuliza, "tumelipia?"