Walimfukuza Mtu Ambaye Hawakumsajili

Niliitwa kutafsiri. "Hajati, panda huku juu," mkurugenzi wa michezo aliniambia kwenye simu. "Kuna mtu hapa wa Kiswahili, kamati haimwelewi." Sijaenda Makka hata mara moja, lakini Kampala mwanamke mwenye hijabu na mvi kidogo huitwa Hajati, nami nilishaacha kubishana. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Kabla sijafungua mlango nilijua ni nani aliyekuwa ndani, na kosa lenyewe nililijua vizuri, kwa sababu nusu yake niliichapa mimi.

Wakati huo nilikuwa karani wa ofisi ya michezo katika chuo kimoja cha binafsi, si mbali na Wandegeya. Niliomba basi la timu, nilitunza jezi, niliwaandikia wachezaji barua za kukosa vipindi, na kabla ya kila msimu niliwatumia wasimamizi wa ligi orodha ya wachezaji wa mpira wa kikapu, kila jina na namba yake ya usajili. Sheria ya ligi ni nyepesi, hata mtoto anaielewa: anayechezea chuo awe mwanafunzi wa chuo hicho.

Kiswahili nilicho nacho ni cha nyumbani. Ukoo wetu uliingia Kampala zamani na wafanyabiashara wa pwani, ukabaki Kibuli, na baba, aliyeuza vitambaa asubuhi na kusomesha Kurani alasiri, hakuturuhusu kuzungumza lugha nyingine wakati wa chakula. Chuoni Kiswahili changu hakikumsaidia mtu. Wengi walikiona ni lugha ya askari. Mpaka alipokuja Mkongo wetu.

Alitoka upande wa Bukavu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu kiasi kwamba alipoingia ofisini kwangu alilazimika kuinama. Kocha alimwona akicheza katika uwanja wa kanisa moja mjini, akamwahidi kwamba akiichezea timu yetu atapewa nafasi ya kusoma kompyuta. Mkurugenzi wa michezo akaniletea jina lake na namba ya usajili kwenye kipande cha karatasi.

"Ingiza huyu," akasema.

Nilipoitazama namba niliona tarakimu za mwanzo ni za kundi la wanafunzi waliokwisha kuhitimu na kuvaa majoho. Nikamwuliza. Akajibu, "Hiyo ni kazi ya ofisi ya usajili, Hajati. Watarekebisha." Ofisi ya usajili ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pangu. Sikwenda. Niliituma orodha ile, nikanywa chai. Hilo ni langu na silipambi.

Tangu hapo yule Mkongo akawa anapita kwangu karibu kila siku, kwa sababu nilikuwa mtu pekee pale aliyeweza kuzungumza naye bila kutafuta maneno. Kiswahili chake na changu havikufanana, tulichekana, lakini tulielewana. Aliniita Mama. Alinieleza kwamba wanalala wanne katika chumba cha hosteli, na kwamba wenzake wanamfundisha Kiluganda cha matusi tu. Kila mara aliuliza jambo lilelile.

"Mama, masomo yangu yanaanza lini?"

Nilimpeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alimpiga begani, akasema muhula ujao. Muhula ujao ulipofika akasema ujao tena.

Basi akaanza kusoma bila ruhusa ya mtu. Aliingia darasa la kompyuta la mwaka wa kwanza, akakaa nyuma kabisa, akawa ananakili kila kilichoandikwa ubaoni. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo alinakili maneno kama mtu anayechora. Jioni aliniletea daftari nimfafanulie, na mimi sijui lolote kuhusu kompyuta zaidi ya kuchapa barua. Tulihangaika pamoja na kamusi. Siku moja darasa lilipewa jaribio, naye akalifanya. Mhadhiri aliporudisha karatasi, ya kwake haikuwamo. Alipouliza aliambiwa jina lake halipo kwenye orodha ya darasa. Alikuja kwangu akiwa amekunja uso, akauliza, "Kama siko kwenye orodha ya darasa, niko kwenye orodha gani?"

Nilimjibu kwamba wanashughulikia. Nikimkumbuka alivyosimama pale, nikikumbuka na jibu nililompa, nakereka mpaka leo.

Uwanjani alikuwa habari nyingine. Alinyakua mipira chini ya goli kama anachuma matunda, na chuo chetu, ambacho hapo nyuma hakikuvuka hata hatua ya kwanza ya mashindano, kikaingia nusu fainali. Mkuu wa chuo mwenyewe alikuja kutazama, akapiga naye picha, na picha hiyo ikatundikwa kwenye lango kuu pamoja na wito wa kujiunga na masomo. Hakuna aliyemwuliza kijana yule anasomea nini. Alipendeza pale langoni.

Halafu chuo tulichokishinda kikalalamika. Mwanafunzi wao mmoja alikuwa na binamu aliyehitimu kwetu, na binamu huyo, alipoonyeshwa orodha ya ligi, alitambua namba yake ya zamani ya usajili imebandikwa jina la mtu mwingine. Wasimamizi wa ligi wakakiandikia chuo barua: jielezeni.

Hapo ndipo nilipoitwa ghorofa ya tatu.

Ndani walikaa watu wanne. Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu alikuwa mhadhiri wa sheria, mzee mpole mwenye miwani. Kulia kwake alikuwa mkuu wa wanafunzi, mama mmoja aliyejulikana kwa ukali. Kushoto, afisa kutoka ofisi ya usajili. Na wa nne alikuwa mkurugenzi wa michezo! Mtu aliyeileta ile namba alikuwa miongoni mwa waamuzi, kalamu mkononi, chupa ya maji mbele yake. Kocha hakuitwa. Mkongo wetu alikaa kwenye kiti kifupi, magoti yamemfika kifuani.

"Mama, wanasema nini?" akaniuliza kabla sijakaa.

Mkurugenzi akanisukumia karatasi moja iliyochapwa kwa Kiingereza. "Mwambie hii ni taarifa yake," akasema. "Mwambie aweke sahihi hapo chini, mambo yaishe. Tafsiri tu ile nimesema."

Nikaisoma karatasi kimya. Ilisema kwamba yeye, mchezaji, alikidanganya chuo. Kwamba alijipatia namba ya usajili kwa njia ya ulaghai na kumkabidhi kocha vyeti vya kughushi. Kwamba anaomba radhi kwa uongozi kwa kuuharibia jina. Hakuwahi kumkabidhi mtu cheti chochote, cha kweli wala cha uongo. Hakuwahi hata kuombwa.

"Nimtafsirie yaliyoandikwa?" nikauliza.

"Hakuna haja. Mwambie ni ya kumaliza mambo."

Nilipandwa na hasira, na ya ajabu kwangu, maana nililelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, tena nina watoto na nilihitaji kazi ile. Nilimgeukia kijana nikamsomea karatasi yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, taratibu. Nilipofika kwenye neno "nilidanganya" alinikatiza.

"Nani alidanganya?"

"Karatasi inasema ni wewe."

"Mimi?" Alisimama, akajikuta ni mrefu mno kwa chumba kile, akakaa tena. "Mama, mimi niliomba kusoma. Waambie. Kila wiki niliomba kusoma. Hiyo namba sikuijua, walinipa kwenye kitambulisho. Nilifikiri kila mtu anapewa."

Nikayatafsiri maneno hayo kwa Kiingereza, yote, na kwa sauti ya juu kuliko kawaida yangu. Mkurugenzi akapiga meza. "Hajati, wewe ni mkalimani, si wakili!"

"Na wewe ni mshtakiwa, si hakimu," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilipoona nimeshavuka mto nikaendelea, maana ningerudi wapi? Nikaiambia kamati kwamba namba ile niliichapa mimi, kwamba niliijua si sahihi, na kwamba niliipokea kutoka kwa mtu aliyekaa pale na kalamu yake. Nikasema kama mnatafuta aliyedanganya ligi, anzeni na sisi wawili, mwiteni na kocha, kisha ndiyo mumwulize huyu alichokijua.

Mkuu wa wanafunzi, yule mama mkali, ndiye aliyezungumza kwanza. Alimwuliza mkurugenzi, "Ni kweli?" Mkurugenzi akacheka kidogo, akasema maneno marefu kuhusu maslahi ya chuo na wivu wa wapinzani. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaahirisha kikao.

Nilitoka nikidhani nimeshinda. Wiki iliyofuata kamati ilikaa tena bila mimi, bila kijana, ila mkurugenzi alikuwamo. Barua ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo: mchezaji amefukuzwa chuo kwa kosa la udanganyifu. Niliisoma mara mbili. Amefukuzwa chuo! Mtu aliyenyimwa usajili, aliyenyimwa darasa, ambaye karatasi yake ya jaribio iliwekwa kando kwa kuwa si mwanafunzi, siku ya kufukuzwa ndipo alipokuwa mwanafunzi. Picha yake iliondolewa langoni na hosteli wakapewa amri ya kumtoa siku hiyohiyo.

Sijui kwa nini watu waliosoma hivyo hawakuona aibu. Chuo kinapovunja sheria hakihitaji hekima ya pekee kujirekebisha. Kinawaandikia wasimamizi wa ligi na kusema tumekosa, ushindi huu si wetu, uchukueni. Kinawauliza waliokuwa na mamlaka kabla ya asiyekuwa nayo. Aliyetuhumiwa haketi mezani kuhukumu. Na kama kilimwahidi mtu masomo ili akitolee jasho uwanjani, kinampa masomo hayo. Haya nayajua mimi niliyeishia cheti cha uhazili. Wao walikuwa na shahada ukutani.

Niliyaandika hayohayo, kwa adabu zaidi, katika barua kwa wasimamizi wa ligi. Niliambatanisha kile kipande cha karatasi chenye mwandiko wa mkurugenzi, ambacho kwa bahati sikuwa nimekitupa. Nakala nikampelekea mkuu wa chuo mkononi, ili asiseme nimemzunguka.

Ligi ilitunyang'anya ushindi wote wa msimu ule. Wachezaji walinichukia. Nahodha alikuja ofisini, akasimama mlangoni hakutaka hata kukaa.

"Mama, umetuharibia," akasema. "Sisi wengine tulikosa nini? Tulicheza kihalali."

Alikuwa na haki, nikamwambia hivyo. Kisha nikamwuliza, "Mwenzako alipotolewa hosteli, mlimsindikiza?"

Akatazama viatu vyake. "Tuliambiwa tusionekane naye."

"Aliyewaambia hivyo ndiye aliyewaharibia. Nenda kamdai yeye."

Akaondoka. Baadaye nilisikia kwamba nahodha huyo na wachezaji wengine wawili walimtafuta yule Mkongo na kumpelekea viatu vyake vya kuchezea, vilivyokuwa vimebaki stoo. Sikuwauliza zaidi.

Kocha alipewa onyo kwa maandishi, akapata timu nyingine kabla ya mwaka kwisha. Mkurugenzi alihamishiwa idara ya uhusiano wa chuo, ofisi yenye zulia. Mimi nilipelekwa maktaba kupanga magazeti, na nimezoea, kuna utulivu. Yule mama mkali alijiuzulu katika kamati ya nidhamu. Alinieleza sababu akiwa kwenye foleni ya kantini, kwa sentensi moja: hakuweza tena kuwaadhibu wanafunzi kwa kunakili mtihani.

Na kijana? Kwa siku chache alilala kwetu Kibuli, sebuleni, miguu ikining'inia nje ya kochi, na mama yangu mzee alifurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Mhadhiri wa kompyuta, aliposikia habari, alilitafuta lile jaribio kwenye droo yake, akalisahihisha. Kijana alipata alama ya kupita, si kubwa, lakini ya kupita. Mhadhiri akamwandikia barua ya kumtambulisha, na kwa barua hiyo akapokelewa katika taasisi ndogo ya ufundi ambayo haina hata uwanja wa kikapu. Anasomea umeme wa majumbani. Huchezea klabu ya mtaa siku za Jumapili na bado Kiingereza kinampiga chenga.

Mwezi uliopita nilikwenda soko la Owino kununua mapazia. Nikiwa napima kitambaa kwa mkono, nikasikia, "Hajati! Siku nyingi!" Alikuwa mkurugenzi, shati limenyooshwa, ametoka kununua viatu. Alinisalimu kama ndugu. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu, maana salamu haikataliwi. Kisha akainama kidogo na kusema kwa sauti ya utani, "Bado una hasira na mimi kwa mambo yale ya mpira?"

"Ndiyo," nikasema.

Akacheka, akangoja nicheke. Sikucheka. Nikamgeukia muuzaji, nikamwambia anikatie mita nne.