Mbegu za Mpapai wa Nandagala

Mama mkwe wangu alivunjika mguu msimu wa kuokota korosho, shambani kwake Nandagala, na mume wangu akaenda kumchukua aje auguzwe kwetu Nachingwea mjini. Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa, lakini mimi na yule mama hatukuwahi kukaa pamoja zaidi ya siku za msiba au sikukuu. Tuliheshimiana mno. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kuitikia salamu. Mimi Kimwera nilikielewa pale tu nilipokuwa nasemwa. Basi tukaishi nyumba moja kama abiria wawili wanaosubiri gari, mimi kwenye cherehani barazani, yeye kwenye mkeka, mguu wenye plasta umeegemezwa juu ya mto.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo mkali. Mume wangu alikwenda Nandagala kuangalia kuku wa mama yake, akarudi na papai moja amelifunga kwenye shati.

"Mama, mpapai wa nyuma ya jiko umelala," alisema. "Umeng'oka na mizizi yake. Hili ndilo pekee lililobaki zima."

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Mpapai ule ulijiotea wenyewe, ila marehemu baba mkwe ndiye aliyeuzungushia miti ili mbuzi wasiufikie. Watu wa Nandagala walikuwa wakija kuomba papai lake kwa ajili ya wagonjwa. Tulilikata siku hiyohiyo. Nyama yake ilikuwa nyekundu, na tamu hivi kwamba mume wangu alikwangua ganda kwa kijiko. Nikaona mama anakusanya mbegu kwenye sahani, moja moja, badala ya kuzitupa.

"Tuoteshe, mama," nikasema.

Akaniangalia. "Unajua, mwanangu?"

"Sijui. Mama je?"

"Sijui. Kule hatuoteshi. Tunatupa tu, inaota."

Nilijizuia kucheka, kisha nikaona na yeye anajizuia. Ndipo tulipocheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu aje.

Nilichukua nusu ya mbegu nikazifukia kwenye beseni bovu, na utelezi wake vilevile, nikamwagilia asubuhi na jioni kama ninayenywesha ng'ombe. Udongo ukashika ukungu. Sisimizi wakafuata ule utamu. Nilipofukua kuona kinachoendelea, nikakuta mbegu zimeoza.

Mama alilifikiria jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Hakuwa na kazi nyingine, na mguu ulimwasha ndani ya plasta. Siku moja nikiwa nashona sare za shule akaanza kueleza, Kiswahili na Kimwera vikipishana, mikono ikimalizia palipokosa maneno. Kule kwake mipapai huota jalalani. Nani anaipeleka mbegu jalalani? Ndege na kuku. Na ndege akila, ile ngozi ya majimaji inayoizunguka mbegu hubaki wapi?

"Tumboni," nikajibu.

"Ee. Sasa wewe umeizika na nguo zake."

Na jalalani, akaendelea, kuna majivu, kuna joto la takataka zinazooza, na maji hayatuami.

Tukazivua mbegu zilizobaki nguo zake. Mama alizisugua kwenye kitambaa pamoja na majivu, akikamua kile kigozi chenye utelezi mpaka kila mbegu ikabaki nyeusi, yenye makunyanzi. Tukazisuuza kwenye maji, zilizoelea tukazitupa, zilizozama tukazianika kivulini. Zilipokauka nikaziloweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, kisha nikazikunja kwenye kipande cha khanga kilicholowa na kukamuliwa vizuri. Tukakitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuuweka karibu na jiko la mkaa, mahali pa kupata joto bila kuungua.

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama aliniita niufungue ule mfuko. Kwa siku nyingi hapakuwa na kitu. Mume wangu akaanza kutuuliza kama mtoto amelala salama. Nilikaribia kukata tamaa, lakini mama alinusa kitambaa na kusema hakinuki, kwa hiyo mbegu ziko hai. Kikikauka kidogo alikinyunyizia maji kwa vidole.

Asubuhi moja nilikuta mbegu moja imepasuka na kutoa ncha nyeupe, ndogo kama jino la mtoto mchanga. Nilimpelekea kwenye kiganja. Hakuigusa. Alinishika mkono ulioishika ile mbegu, akakaa hivyo muda, akisema maneno ya Kimwera ambayo sikuyaelewa na sikuuliza.

Kila iliyotoa ncha tuliihamishia kwenye kiriba chake. Viriba tulivitengeneza kwa pakiti za maziwa tulizozitoboa chini, ndani yake udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza. Tuliifukia kina cha pingili ya kidole tu. Mume wangu akatengeneza kichanja kirefu ili kuku wasifike, akakiezeka nyasi kwa ajili ya kivuli. Miche michache ilinyong'onyea shingoni na kuanguka kwa sababu mkono wangu wa maji ulikuwa bado mzito. Mama akaninyang'anya kopo. Tangu hapo yeye ndiye aliyemwagilia, akijikokota na magongo, asubuhi tu, na siku udongo ukiwa na unyevu alipita akiitazama tu.

Plasta ilipotolewa na mguu ukapata nguvu, alitaka kurudi kwake. Alipanda gari la Ruangwa, njia ya kwao, na miche ndani ya ndoo aliyoipakata, akamkatalia konda aliyetaka kuiweka juu. Sisi alituachia mmoja, ule uliokuwa mnene kuliko wote.

Wetu ulikua haraka. Ulipotoa maua, yalikuwa kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, nikampigia simu kumpa habari njema.

"Vinaning'inia?" aliuliza.

"Vinaning'inia, mama. Vingi."

"Mwanangu, umelea dume." Kisha nikasikia kicheko chake, mpaka simu ikakatika.

Mume wangu alitaka kuukata, kwa kuwa dume halizai. Nikamkatalia. Jirani ana mpapai jike upande wa pili wa ua, na ni halali yake kupata mchumba.

Mwaka huu tulikwenda Nandagala wakati mipapai ya mama imeanza kuzaa. Alitukatia papai la kwanza uani, tukala tumesimama. Lilikuwa tamu, ila nyama yake ilikuwa ya njano.

"Si lile," mume wangu akasema taratibu.

"Si lile," mama akakubali. "Ni la kwetu mimi na huyu." Akaniongezea kipande kingine, kikubwa kuliko cha mwanawe, halafu akaniuliza, kwa Kimwera, kama nimeshiba. Nikamjibu kwa Kimwera kwamba bado. Nilikosea neno moja, akanisahihisha, akaendelea kukata.